Jua la Saa Tisa

Jumatatu, 3 Machi

Masika yameingia leo kwa fujo. Nilikuwa nimeshaanika mashuka ya hospitali, kamba zote zimejaa, mara mbingu ikanuna. Nilianua mbio mbio na bado nusu yakalowa upya. Ndiyo kazi ya udobi: ukimaliza kulilaani jua kwa kukuchoma mgongo, unaanza kuliomba lirudi.

Nikiwa juu ya paa ndipo nikaliona bango. Wamelisimamisha kwenye kiwanja cha ile sinema iliyobomolewa, upande wetu wa magharibi, ng'ambo ya kichochoro tu. Limechorwa jengo la vioo linalotoboa mawingu, na chini yake watu wenye meno meupe wanatembea bila mzigo wowote. Nyumba yetu imo pia, pembeni, kama kiberiti kilichomdondoka mtu. Kamba zangu hawakuzichora.

Jioni mdogo wangu aliporudi kazini alinisomea maandishi. Ghorofa thelathini. Ofisi, hoteli, na makazi.

"Lifti sita, Dada," alisema. "Sita!"

Alizitaja kama mtu anayetaja watoto wake. Yeye ni fundi lifti. Katika mji huu wa kale, ambako nyumba ndefu ina ghorofa tatu na mnara wa saa ndio mfalme wetu sote, fundi lifti ni kama kinyozi katika kijiji cha vipara. Kila alfajiri huvuka daraja kwenda mji mpya kutafuta vichwa vyenye nywele.

Mama akauliza kutoka chumbani, "Na jua litapita wapi?"

Mdogo wangu alikuwa bado anahesabu lifti.


Jumatano, 5 Machi

Mvua. Hakijakauka kitu.


Ijumaa, 7 Machi

Mvua. Mito ya nyumba ya wageni inanuka kama mbwa aliyelowa. Nimekausha foronya moja moja kwa pasi mpaka mkono umekufa ganzi.


Jumamosi, 8 Machi

Leo jua limetoka, na nitaandika lilivyotoka ili nisije nikaambiwa naota. Asubuhi halitufikii, ghala la jirani upande wa mashariki linalizuia. Saa sita linakuja la utosini, linachoma lakini halikaushi, maana mashuka yanajifunika yenyewe kwa yenyewe. Kuanzia saa tisa ndipo linapoinama na kuingia kwa ubavu kati ya kamba na kamba, na upepo nao unaamka. Kabla ya magharibi shuka linakuwa kavu hadi kwenye upindo. Bibi yangu alifulia hapa, na mama yangu naye, na mimi. Sote tumelishwa na jua la saa tisa.

Bango liko upande huohuo.


Jumapili, 9 Machi

Mkutano wa mtaa. Walijaa mpaka ngazini. Mwenyekiti wa kamati yetu ni mwalimu mkuu mstaafu, sote tunamwita Mwalimu. Alizungumza juu ya urithi, mababu, na roho ya mawe mpaka watoto wakalala. Nilimpigia makofi kwa nguvu. Ana maneno yule mzee. Mimi nina mashuka tu.

Kisha diwani akasimama, katabasamu kake usoni kama kadi ya mwaliko.

"Ndugu zangu, msitishwe na picha. Ni jengo la kawaida. Litauzidi mnara wa saa kidogo tu."

"Kidogo kiasi gani?" niliuliza.

"Kidogo, mama. Mkilizoea, hata hamtaliona."

Watu wakacheka, wengine pamoja naye, wengine wakimcheka yeye. Hapo jirani yetu, mpambaji wa kumbi za harusi, akanyoosha mkono. Tunamwita Mapambo. Ni mtu wa manukato na mdomo. Akasema mwaka juzi fungu zima la baluni lilimponyoka kwenye harusi, likapanda, na bibi harusi akalia akidhani ni ishara mbaya.

"Kama mnataka kujua kidogo ni kiasi gani," akasema, "mimi nina gesi, na Bi Dobi ana kamba. Tupime kamba sawa na urefu wa jengo, tufunge baluni, tupandishe. Kila mtu alione kwa macho yake. Diwani naye asije akakosa kuliona."

Kicheko hicho kilikuwa kimoja. Diwani alitazama saa yake.

Nimekubali kutoa kamba.


Jumatatu, 10 Machi

Nimemwambia mdogo wangu juu ya baluni wakati tunakula. Aliweka kijiko chini.

"Kampuni imeniita juzi, Dada. Wakijenga, mimi ndiye mkuu wa mafundi. Mlangoni kwetu. Nitaamka kumekucha kama binadamu wengine."

"Na mashuka?"

"Nunua mashine ya kukaushia."

"Itapita wapi? Ngazi zenyewe mimi na kapu tunapishana kwa zamu."

"Kwani jua ni lako? Umelirithi?"

"Ndiyo. Pamoja na mabeseni."

Mama akasema tunyamaze, chakula kinapoa. Tulinyamaza, na kikapoa hivyo hivyo.


Jumanne, 18 Machi

Mvua. Mdogo wangu ananisalimia kama karani wa benki.


Jumamosi, 22 Machi

Tumejaribu. Bora nisingeandika, lakini nimejiwekea sharti.

Mapambo alileta baluni za rangi ya chungwa, kubwa, amezifunga pamoja kama kichala. Tulizipandishia paani kwetu. Zilipofika usawa wa mnara wa saa upepo ukazidaka. Badala ya kupanda zikalala, zikaenda zikiparaza mapaa ya watu, na mwishowe zikanasa kwenye antena za posta na kupasuka moja baada ya nyingine, pa, pa, pa, kama mtu anayepigwa makofi hadharani.

"Ghorofa thelathini za kulala!" mtu akapiga kelele toka chini. Mtaa mzima ulicheka. Mpiga picha wa gazeti alikuwepo, bahati yetu.

Mdogo wangu alikuwa dirishani. Alicheka mwanzo. Kisha aliniona nikivuta kamba tupu, akafunga dirisha taratibu.


Jumatatu, 24 Machi

Gazetini: "Wapinga jengo waangukia posta." Msemaji wa kampuni amesema anatutakia mafanikio katika michezo ya watoto.

Nimeikata habari hiyo na kuibandika juu ya beseni kubwa. Nikisugua, naiona. Inanisaidia kusugua.


Jumatatu, 31 Machi

Kampuni imeleta mashine ya kutoboa ardhi, wanapima udongo. Inagonga tangu saa mbili asubuhi. Vikombe vinatembea mezani. Mama anasema inamkumbusha marehemu baba akikoroma.


Jumamosi, 5 Aprili

Jaribio la pili. Asubuhi palitulia kabisa, tukajaza baluni zote, mara mvua ikashuka kwa ndoo. Tulizifungia ukumbini kwa Mapambo tukisubiri. Mvua haikukatika. Jioni zilikuwa zimenywea, zinaburura mikia sakafuni. Mapambo aliketi katikati yake na shati lake la hariri, mnyonge.

"Bi Dobi, gesi imebaki ya mara moja."

"Basi tutaitumia mara moja."

"Na tukishindwa?"

Nikamwambia anitafutie kamba nyepesi zaidi. Mtu akipewa kazi huacha kuuliza maswali.


Alhamisi, 10 Aprili

Niandike leo leo, kesho nitaanza kujisimulia nilivyokuwa shujaa.

Mvua ilikuwa haijakatika tangu juzi. Mdogo wangu hakwenda kazini kwa sababu daraja lilijaa maji, alikuwa juu kwake amelala. Mama naye yuko chumbani kwake ghorofani, magoti hayamruhusu kushuka. Karibu na adhuhuri mtu alibisha mlango wa mbele. Mwanamke kijana, koti la mvua, miwani imejaa matone.

"Shikamoo. Mimi ni msanifu wa lile jengo," alisema, akionyesha kule kwenye bango. "Nimesikia habari za baluni. Nilitaka kuona mnavyopima."

Yaani mchawi amekuja kuuliza jina la mtoto. Nilikuwa bado nachagua tusi la kumpokelea niliposikia sauti nyuma ya nyumba. Haikuwa kishindo. Ilikuwa kama mtu anayemimina gunia la mahindi, akimimina, akimimina, hamalizi. Nikageuka. Mlango wa chumba cha kufulia ulikuwa unaonyesha uwanja wa jirani. Ukuta wa nyuma haupo. Na ngazi, iliyoegemea ukuta ule tangu enzi za bibi, ilikuwa imekatika, ule upande wa chini umekuwa rundo la mawe na matope.

"Mama!" Sijui kama nililia mimi au mdogo wangu kule juu.

"Nipo!" Mama akajibu, kwa hasira, kama tumemwamsha. "Nani anavunja vyombo?"

Mdogo wangu alitokea kwenye dirisha la mbele, juu ya vichwa vyetu, kifua wazi. Juu ya dirisha lile kuna kapi, gurudumu la kamba, ninayopandishia makapu ya nguo. Aliishika kamba yake, akaivuta kwa uzito wake wote kuijaribu, na nilimwona akibadilika usoni. Hofu ilimtoka, fundi akaingia.

"Dada, usiingie ndani. Nitamshusha kwa hapa. Nataka watu watatu wa kushika kamba huko chini. Mkiambiwa shikilia, mnashikilia. Mkiambiwa legeza, mnalegeza kidogo kidogo. Asiwepo wa kujitia hodari."

Mapambo alikuja mbio na kandambili. Nikawa mimi, yeye, na yule msanifu, ambaye alikuwa ameshavua koti na kuviringisha kamba kiunoni bila kuambiwa. Mdogo wangu alimfunga mama kwenye kiti chenye mikono kama anavyofunga injini. Akamtoa dirishani.

Mama alishuka mvuani, polepole, mkoba wake mapajani, ameushika kwa mikono miwili kama anakwenda kupiga picha ya kitambulisho.

"Legeza," anasema mdogo wangu. "Legeza. Shikilia. Mama, usitazame chini."

"Nitazame wapi? Wewe nimeshakuona."

Kamba ilikuwa inanikata viganja. Mbele yangu niliona mikono ya msanifu, midogo, kucha safi, na damu kidogo kwenye kidole gumba. Hakulegeza kabla ya kuambiwa hata mara moja. Kiti kilipogusa ardhi mama alitutazama wote watatu, akamkazia macho mgeni.

"Na huyu binti wa nani?"

"Ni wa jengo la ghorofa thelathini," nikasema.

"Ahaa. Anaanza mazoezi mapema."

Hapo nikakaa kwenye maji ya mvua na kucheka mpaka nikalia.

Mama amelala kwa mama mdogo, nyumba ya chini, mtaa wa pili. Mdogo wangu naye alishuka kwa kamba hiyo hiyo, na sisi tumelala kwa Mapambo, kati ya viti vya harusi.


Ijumaa, 11 Aprili

Mwalimu amekuja na mwandishi wa gazeti, lile lile la posta. Amenivuta pembeni, macho yanang'aa.

"Binti yangu, Mungu ametupa silaha. Sema mashine yao imeuangusha ukuta. Jengo halijaanza na tayari linaua. Wataondoka wiki hii hii."

Nilitaka kusema hivyo. Nisidanganye shajara yangu mwenyewe: nilikuwa nimeshafungua mdomo. Tangu jana nimewalaani na ile mashine yao. Lakini msanifu alikuwa amerudi asubuhi kuniangalia, na nilikuwa nimemuuliza uso kwa uso, ni mashine yenu? Akachutama kwenye kifusi, akashika jiwe, na udongo katikati ya mawe ukatiririka vidoleni mwake kama uji.

"Ningekuambia ndiyo kama ingekuwa ndiyo," alisema. "Mtikisiko haujasaidia. Lakini huu ukuta umekunywa maji ya paa miaka na miaka. Ungeanguka masika haya au yajayo."

Na mimi nimeona ule unyevu ukipanda kila mwaka. Mtaa mzima una kuta kama zile. Ukitaka kugusa jiwe moja unaambiwa uombe kibali kwa sababu ni urithi, unaomba, unasubiri, na urithi unaendelea kunywa maji.

Nikamwambia mwandishi, "Ukuta umeangushwa na mvua na uzembe wetu wote. Mashine imeusindikiza tu. Andika hivyo."

Mwalimu alinitazama kama nimemtemea mate. "Unawapa ushindi!"

"Mwalimu, wewe unakaa wapi siku hizi?"

Sote tunajua. Ana nyumba mpya ng'ambo ya daraja, yenye bustani na maegesho. Anaupenda mji wa kale kama mtu anayempenda mke wa jirani: uzuri ni wake, kumlisha si kazi yake.

Sikulisema hilo. Nimeliandika hapa ili lisinitoke siku nyingine.


Jumatatu, 14 Aprili

Mvua. Nafulia kwenye ukumbi wa harusi, chini ya vitambaa vya dhahabu. Hospitali wamenipa mpaka mwisho wa Mei. Nikichelewesha tena wanatafuta dobi mwingine.


Alhamisi, 17 Aprili

Msanifu amekuja jioni. Alikunja mikono, akakunjua, kama mtu anayetafuta mahali pa kuiweka.

"Kamba yenu ni fupi," alisema.

"Tumeipima kwa urefu ulioandikwa kwenye bango."

"Bango limehesabu ghorofa. Juu ya ghorofa ya mwisho kuna chumba cha mitambo ya lifti, matangi, na mlingoti. Mkitaka kuonyesha kweli, ongezeni." Akanitajia kiasi. Kipande kizima cha kamba, urefu wa mnara wa saa wote na zaidi.

Mapambo alipiga mluzi. Mimi nilimtazama yule binti nisimwelewe.

"Wewe upo upande gani?"

"Nataka lijengwe," alijibu bila kupepesa. "Nimelichora miaka mitatu, ni jengo zuri. Lakini nataka likubaliwe na watu walioliona, siyo waliofichwa. Nikitembea mtaani humu uzeeni nisipite kwa kujificha."

"Na kazini wakijua?"

"Watajua. Nitasema mwenyewe."

Mdogo wangu alikuwa anasikiliza, mgongo ukutani. Alipoondoka yule binti, aliuliza, "Winchi ya kushikia hiyo kamba mnayo?"

"Hatuna."

"Mtavunjwa mikono." Akaenda kulala. 


Jumamosi, 19 Aprili

Mdogo wangu amerudi na winchi kutoka kazini kwake, akaiweka sakafuni. Sikumwuliza. Kuna mambo ukiyashukuru mapema yanarudi yalikotoka.


Jumatano, 23 Aprili

Upepo.


Alhamisi, 24 Aprili

Upepo na mvua. Mapambo anaikumbatia mitungi yake kama ana mwana mgonjwa.


Jumapili, 27 Aprili

Baluni zimepanda.

Niliamka, nikasikia kimya. Hakuna tone, hakuna jani linalotikisika. Nikamgongea Mapambo, naye alikuwa ameshavaa. Tuliegesha pikapu yake pembeni ya uzio wa kiwanja, kwenye njia ya watu wote, mdogo wangu akafunga winchi nyuma yake. Msanifu alikagua kamba mkononi mwake, alama kwa alama, bila haraka, wakati jua likichomoza nyuma ya ghala.

"Mimi sijabadilika," mdogo wangu aliniambia huku anakaza bolti. "Kazi ile naitaka. Naogopa tu mtaumiza mtu."

"Najua."

"Usinitazame hivyo."

"Nakutazamaje?"

"Kama Mama."

Akaachia winchi. Kichala cha chungwa kikainuka, kikapita dirisha letu, kikapita paa, kamba zangu, kikaufikia mnara wa saa. Watu waliokuwa wanapita wakaanza kusimama. Kikaupita mnara. Tulingoja kisimame na winchi iliendelea kuzunguka. Kikawa kidogo kama chungwa lenyewe, kisha kama kitufe cha shati, na bado winchi inazunguka. Mama mmoja mwenye kapu karibu nami aliuliza kwa sauti ndogo, "Bado tu?"

"Bado," mdogo wangu akasema.

Kiliposimama, shingo ziliuma. Mnara wa saa chini yake ulikuwa kama kigingi cha kufungia mbuzi.

Nilidhani watu watapiga kelele za hasira. Nilikuwa nimeingoja hasira hiyo tangu Machi. Badala yake vijana waliokuwa kwenye kona walishangilia. "Mji huo! Sasa na sisi tutajulikana!" Dereva mmoja alishuka garini, akapiga picha, akasema kule juu lazima hewa ni tamu. Mama mwenye kapu akasema mwanawe anasomea hoteli, labda atapata kazi. Moyo ulinishuka mpaka kwenye ndala. Nimewapandishia wenyewe tangazo lao.

Nilimtazama msanifu. Machozi yalikuwa yamemlenga, ya furaha, sikumnyima. Ni lake.

Tulikuwa tumeahidiana kukiacha kichala mpaka jioni, nikakiacha. Na siku ilipoendelea watu waliendelea kuja, na wakaanza kuzunguka. Walikwenda kukitazama kutoka hospitali, kutoka sokoni, kutoka milangoni kwao, wakirudi na habari. Muuguzi mmoja alisema toka wodi ya wazazi huoni kitu kingine dirishani. Fundi saa, mzee asiyesema na mtu, alikuja kusimama chini ya mnara wake, akatazama juu, akatazama chini, akaenda zake. Wengine walizidi kulipenda jengo, wengine walinyamaza. Mabishano yalizuka kila kona, lakini sasa walikuwa wanabishania kitu, siyo picha.

Saa tisa ilipofika jua liliinama likashika baluni. Nilikuwa paani, nimepanda kwa ngazi ya Mapambo. Mdogo wangu alinifuata. Tulisimama kati ya kamba tupu, mwanga ukitujia wa ubavu kama kawaida yake. Alinyoosha mkono akafuata na kidole pale jengo litakapoanza na litakapoishia, juu, chini, kushoto, kulia. Kila alipopitisha kidole palikuwa na jua.

"Lote," alisema.

"Lote."

"Na la nyumba saba zinazofuata."

Akashusha mkono, akashika kamba tupu.

Diwani alifika jioni, ameshika kofia isimdondoke. "Hii kamba amepima nani?" aliuliza kwa ukali.

"Mimi," msanifu akasema.

Diwani akatazama tena juu.


Jumatano, 30 Aprili

Msanifu ameondolewa kwenye mradi. Hajafukuzwa, amepelekwa ofisi nyingine. Nilimpelekea shati lake, lile lililochafuka siku ya ukuta nikamfulia. Alisema, "Bado nataka lijengwe, Bi Dobi." Nikamwambia, "Na mimi bado sitaki." Tukacheka.


Alhamisi, 8 Mei

Kikao cha baraza la jiji. Wakili wa kampuni alizungumza vizuri. Mwalimu alizungumza vizuri zaidi, na kwa muda mrefu zaidi. Kisha nikaitwa. Nilikuwa nimeandika karatasi mbili, nikaziacha kwenye kiti.

"Sikuja kuwaambia msijenge," nilisema. "Mji usiojengwa unaanguka. Ukuta wangu umeanguka, njooni muone. Nimekuja kuwaambia tu kwamba jengo lile sasa mmeliona. Mwezi wa tatu tuliambiwa ni kidogo, hatutaliona. Wote mmeliona. Likisimama pale, mtaa wetu utakuwa kivulini kila alasiri, maisha yote. Mimi nafua. Wengine wanalala, wanalea, wanauguza. Aliyeona hayo na bado analitaka pale, anyooshe mkono. Lakini asije akasema hakujua."

Nikakaa. 

Walipiga kura kwa mikono. Diwani wetu alikuwa wa mwisho; mkono wake ulipanda nusu, ukasimama, ukarudi mezani. Kura mbili. Tumepona kwa kura mbili. Kampuni itapewa kiwanja ng'ambo ya daraja, na ndani ya mji wa kale hakuna kitakachozidi ghorofa tano. Kisha wakaongeza kipengele ambacho hakuna aliyekishangilia: wenye nyumba mbovu tuzikarabati ndani ya mwaka mmoja, vibali vitatoka haraka, atakayeshindwa nyumba itachukuliwa.

Mwalimu alinikumbatia. Nje watu waliimba. Mimi nilikuwa namtafuta mdogo wangu. Alikuwa amekaa kwenye ngazi za baraza, akiwatazama.

"Hongera, Dada," alisema, na alikuwa anamaanisha, na ilimuuma. Vyote viwili. Nilikaa naye. Hatukuimba.


Jumatatu, 12 Mei

Manyunyu. Mdogo wangu ameondoka alfajiri kuvuka daraja. Nimesikia mlango ukifungwa taratibu, asituamshe. Amefanya hivyo miaka yote na leo ndiyo mara ya kwanza nimeamka kumfungia chakula.


Ijumaa, 16 Mei

Mama amekataa kurudi. Anasema kwa mama mdogo anakaa mlangoni, anajua nani kapita na nani kagombana na nani. "Ghorofani nilikuwa naona mashuka tu. Hayana habari." Nimelia kidogo, kisha nimempelekea nguo zake.


Jumatano, 21 Mei

Jua, tangu asubuhi. Hospitali wamepata mashuka yao yote, na wameniambia nibaki.


Jumapili, 25 Mei

Kibali kimetoka. Fundi mwashi ametuchorea mstari wa msingi mpya, tukaanza kuchambua mawe: mazima huku, yaliyooza kule. Nilikwenda mwenyewe ng'ambo ya daraja kumgongea Mwalimu. Nikamwambia roho ya mawe inamsalimu, inaomba aje kuyabeba. Alikasirika, akakaa kidogo, akaenda ndani kutafuta suruali ya kazi. Amebeba mpaka adhuhuri. Ana mgongo wa mtu mzima na hajalalamika. Nimemsamehe bustani yake.

Mapambo amekuja na glavu nyeupe za harusi.

Mdogo wangu ni siku yake ya mapumziko. Sikumwita. Alikuja, akasimama ananitazama, chokaa imenijaa mpaka kwenye kope, halafu akaingia kwenye shimo la msingi upande wa pili. Tulifanya kazi mpaka safu ya kwanza ikakaa. Jua lilikuwa linainama.

"Kampuni haijauza kiwanja cha sinema," alisema. "Wakirudi mwakani na ramani nyingine?"

"Watarudi," nikamwambia. "Nipe hilo jiwe."